Usilipe Mara Mbili

Kila asubuhi Hawa hukaanga mandazi mbele ya nyumba yake, mjini Kasongo. Mume wake, Kamaldine, huuza mafuta ya mawese na sabuni sokoni. Watoto huenda shule. Redio husema peke yake dirishani, maana hakuna anayeisikiliza mpaka muziki uanze.

Wiki ile redio ilirudia tangazo moja asubuhi, mchana na jioni. Papa Amuri anakuja! Papa Amuri, mwimbaji mzee, mzaliwa wa Nyangwe, aliyehamia Bukavu tangu ujana wake. Ataimba Kasongo Jumamosi na Jumapili, saa nane kamili ya mchana.

Hawa aliacha mandazi motoni, akampigia simu mama mkwe wake, Mama Hidaya, anayekaa Kabambare. Mama Hidaya alipiga kelele mpaka Hawa akaiondoa simu sikioni.

"Amuri mwenyewe? Na mwili wake?"

"Ndiyo, Mama. Yeye mwenyewe."

"Nakuja."

"Lakini Mama, njia imeharibika. Mvua inanyesha kila siku."

"Njia ya Kabambare ilikuwaka muzuri siku gani? Nakuja."

Siku ya ndoa ya Mama Hidaya, nyimbo za Papa Amuri zilipigwa mpaka betri za redio zikaisha. Marehemu mume wake alizipenda sana. Kwa miaka yote hiyo Mama Hidaya alimsikia tu Papa Amuri. Hakuwahi kumwona. Na sasa mwimbaji alikuwa mzee, na yeye Mama Hidaya alikuwa mzee pia. Nani alijua kama Papa Amuri atarudi tena Maniema, jimbo lao? Mama Hidaya alitaka jambo moja tu: kumwona kwa macho yake.

Alifika Ijumaa juu ya pikipiki, na matope mpaka magotini. Dereva alikuwa amewaangusha wote wawili kwenye dimbwi. Mama Hidaya hakulalamika hata kidogo. Aliomba maji ya kuoga, akauliza tikiti ziko wapi.

Kamaldine alikuwa amezinunua kwa Magloire. Huyu Magloire ana duka la simu karibu na soko, na ndiye aliyepanga onyesho lile. Ukutani mwa duka alibandika tangazo kubwa lenye picha ya Papa Amuri na maandishi mekundu: SAA NANE KAMILI. Hawa alimpiga picha mama mkwe wake pale, tikiti mkononi, ili amtumie wifi yake wa Lusangi. Mama Hidaya hakucheka kwenye picha. Alisema mtu hachekicheki mbele ya jambo kubwa.

Jumamosi walifika mapema. Onyesho lilikuwa ndani ya uwanja uliozungushiwa ukuta. Mlangoni alisimama kijana anayeitwa Fabrice. Alichukua tikiti zao, akazitia zote mbili ndani ya sanduku. Kisha akawapiga muhuri wa wino wa zambarau mgongoni mwa mkono.

"Tiketi yangu unairudisha saa ngapi?" Mama Hidaya aliuliza.

"Hairudi, Mama. Hii kashe njo tiketi yako sasa," Fabrice alijibu, akionyesha ule muhuri. "Ingia."

Wakaingia, wakakaa, wakangoja. Saa nane ilifika. Ikapita. Jua liliwachoma vichwa. Mtu mmoja alipanda jukwaani, akasema kwenye kipaza sauti, "Moja, mbili. Moja, mbili." Akashuka. Baadaye akapanda tena, akahesabu tena moja, mbili, kama mtoto aliyeshindwa kufika tatu. Hakuna aliyewaeleza watu kitu. Mimi husema hivi: kuchelewa ni jambo la binadamu, lakini kunyamaza ni dharau. Watu wamelipa. Waambieni!

Muadhini akaadhini. Ilikuwa saa ya sala ya alasiri.

"Twende tuswali haraka," Mama Hidaya alisema. "Watu hawa hawajaanza. Tutarudia."

Walitoka pamoja na wanawake wengine. Walikwenda nyumbani kwa Djamila, jirani na uwanja, akawapa maji. Mama Hidaya akatawadha. Alipofika mkononi aliona ule wino. Je, wino huu hauzuii maji kufika kwenye ngozi? Hakutaka sala yake iwe na shaka. Basi alisugua. Alisugua kwa kidole, akasugua kwa sabuni, mpaka mkono ukawa mweupe kama wa mtoto aliyetoka kuoga. Kisha akaswali kwa moyo mtulivu.

Walipokuwa wakirudi, gitaa lililia ndani ya ukuta. Sauti nzito ya mzee ikafuata. Watu walipiga vigelegele.

"Ni yeye!" Mama Hidaya alisema, akakaza mwendo.

Fabrice alizuia mlango. "Kashe."

Mama Hidaya alionyesha mkono wake. Fabrice akautazama juu, akautazama chini.

"Kashe iko wapi, Mama?"

"Nilitawadha. Natoka kuswali."

"Bila kashe hakuna kuingia."

"Si weye mwenyewe ulinipiga hiyo kashe? Si nilikuuliza juu ya tiketi yangu?"

"Watu iko wengi, Mama. Siwezi kukumbuka sura ya kila mutu. Mulipe tena pale kwa dirisha." Kisha akautazama mkono wa Hawa. "Yako inaonekana kidogo. Weye ingia. Mama abaki."

"Niingie, niache mama mukwe yangu inje?" Hawa alisema kwa hasira. "Uko na akili kweli?"

Nyuma yao walisimama wanawake wengine waliotoka kuswali. Mikono yao yote ilikuwa safi. Ungefikiri usafi ni kosa! Palikuwa pia na mkulima mmoja, Hippolyte, Mkristo. Yeye alitoka kula samaki na muhogo kwa muuzaji wa barabarani. Akanawa mikono, kama mtu yeyote mwenye adabu. Muhuri wake nao ukaenda na maji ya samaki.

Kelele zikaanza. Kijana mmoja aliokota jiwe, akatazama mlango.

"Tupa hilo jiwe!" sauti ya mwanamke ilisema. "Tupa chini, haraka!"

Alikuwa Mama Anastasie, jirani ya Hawa. Anafanya kazi katika ofisi inayosimamia biashara. Alikuwa ndani na mume wake, akasikia kelele, akatoka.

"Ukivunja mulango, kesho hakuna mutu atazungumuza juu ya tiketi yako," alimwambia kijana. "Watazungumuza juu ya mulango. Weye njo utakuwa na kosa, na Magloire atakuwa mutu wa kuhurumiwa. Ni hiyo unataka?"

Kijana akaliacha jiwe lianguke.

Wakati ule Kamaldine alifika kutoka sokoni. Alisikiliza habari, akapumua, akatia mkono mfukoni.

"Inatokeaka," alisema. "Tutafanya namna gani? Nalipa tena, tuishe."

Maneno haya! Tutafanya namna gani. Yamekaa katika vinywa vyetu kama meno. Tukiuziwa sabuni iliyoharibika, tutafanya namna gani. Tukifungiwa mlango tulioulipia, tutafanya namna gani. Nimechoka nayo.

Mama Anastasie pia alikuwa amechoka nayo.

"Toa mukono kwa mufuko, Kamaldine," alisema. "Ukilipa tena, umekubali mbele ya watu wote kama hukulipa mara ya kwanza. Usilipe."

"Sasa mama yangu hataona?"

Mama Anastasie akaenda mlangoni. Alizungumza na Fabrice, Fabrice akasema amri ni ya Magloire. Alimtafuta Magloire, akaambiwa yuko na wanamuziki, hataki kusumbuliwa. Ndani, watu waliimba pamoja na Papa Amuri. Mama Hidaya alikuwa amekaa chini, mgongo wake ukutani.

"Mama, si unasikia muzuri hata hapa?" mwanamke mmoja alisema ili kumtuliza.

"Kusikia?" Mama Hidaya aliinua kichwa. "Kusikia nasikiaka kwa redio, kule nyumbani, nimelala kwa kitanda. Sikuanguka kwa matope juu ya kusikia. Nilikuja kuona!"

Akalia. Alilia kwa hasira, na aliona aibu kulia mbele ya mkwe wake. Hawa alimshika mkono, wakarudi nyumbani.

Jioni ile chakula hakikuwa na ladha. Mama Anastasie alikuja, akaketi juu ya mkeka. Kamaldine alimpa chai.

"Mama Hidaya, tiketi ni kitu gani?" Mama Anastasie aliuliza.

"Ni karatasi."

"Karatasi ni ushahidi tu. Kitu chenyewe ni makubaliano. Magloire alisema kwa redio: Papa Amuri ataimba, saa fulani, mahali fulani. Weye ukasema: nakubali, nalipa. Tangu hapo mumefungwa wote wawili. Sheria inasema makubaliano ni sheria kwa wale walioyafanya. Aliyotangaza kwa redio na kwa ukuta, hayo njo aliuzisha."

"Hata ile saa nane?" Hawa aliuliza.

"Hata saa nane. Akichelewa kidogo kwa sababu ya kweli, aeleze watu. Na mwimbaji asipokuja, ao akileta mutu mwingine, arudishe franga. Na watu akiwa amewajaza kupita nafasi ya uwanja, wakaumia, ni kosa lake. Kulipa si kumuomba Magloire mapendo. Umenunua."

Kamaldine alikuna kichwa. "Lakini tuko na ushahidi gani? Tiketi ziko kwa sanduku yao."

"Hapo njo tulikosea sisi wote," Mama Anastasie alisema. "Mimi pia nilitoa tiketi yangu nzima, na mimi ni mutu wa ofisi! Tiketi hawapashwi kuichukua yote. Waipasue katikati. Nusu ibaki kwao, nusu ibaki kwako, mpaka muziki iishe. Wino si ushahidi. Wino inatokaka na maji, inatokaka na jasho, inatokaka na mafuta ya samaki. Muulize Hippolyte."

Mama Hidaya alitabasamu kidogo kwa mara ya kwanza.

"Mimi sikusoma," alisema. "Mutu kama mimi atajua namna gani?"

"Kuuliza, uliuliza, Mama. Uliuliza tiketi inarudi saa ngapi. Ulijua. Ila hukushikilia neno lako."

Hawa aliruka kutoka kwenye mkeka. "Picha!" Akaleta simu. Mama Hidaya alionekana pale, uso mkavu, tikiti mkononi, na nyuma yake maandishi mekundu ya tangazo.

"Hiyo ni ushahidi," Mama Anastasie alisema. "Na wanawake waliotoka kuswali naye ni washahidi. Na Djamila, aliyewapa maji. Kesho nikitoka misa, tunaenda kwa Magloire. Wote pamoja. Bila matusi. Kwanza tunamuambia muuzaji mwenyewe. Akikataa, tunaenda kwa ofisi na kwa redio."

"Na akitukana?" Kamaldine aliuliza.

"Yeye atukane. Sisi tutaeleza."

Jumapili walisimama mbele ya duka la simu: Mama Anastasie, Hawa, Mama Hidaya, Hippolyte, Djamila na wanawake wa jana. Magloire alitoka akijifuta usingizi machoni. Hakufurahi.

"Hii maneno ya Waislamu na sala yao mimi nitaiweza namna gani?" alisema. "Mimi nafanya mambo ya kisasa. Kashe inafanyiwaka kila mahali, hata Kinshasa."

Hippolyte akasogea mbele. "Mimi nilibatizwa tangu mutoto," alisema. "Nilikula samaki. Samaki ni Mwislamu?"

Watu walicheka. Magloire mwenyewe alijaribu kutocheka, akashindwa. Lakini akakaza uso tena.

"Mujue mateso yangu pia. Tiketi nachapisha Bukavu, zinakuja na ndege, bei iko juu. Nikiachia mutu tiketi yake, anaitupa juu ya ukuta, ndugu yake anaingia nayo. Watano wanaingia na tiketi moja! Njo maana nazikamata."

Ni kweli. Watu wengi hufanya hivyo, na si haki kwa Magloire. Haki ya mnunuzi haifuti haki ya muuzaji. Mama Anastasie alikubali.

"Hiyo shida yako ni ya kweli," alisema. "Lakini dawa yake si kumfungia mulango mutu aliyelipa. Pasua tiketi. Yenye imepasuliwa haiwezi kuingiza mutu wa pili, na mwenyewe akitoka kidogo anarudi nayo. Bwana Magloire, tazama hii picha. Huyu mama alitoka Kabambare kwa pikipiki. Alilipa. Hakuona. Unasema nini?"

Magloire aliitazama picha. Aliutazama pia umati, uliokuwa ukikua, maana watu waliotoka kanisani walisimama kusikiliza. Leo onyesho la pili lilikuwa linamngojea. Nani angenunua tikiti kama habari hii ingefika redioni?

"Sawa," alisema mwishowe. "Wote waliobaki inje jana wataingia leo bila kulipa. Nawapa tiketi mupya."

"Na zitapasuliwa?"

"Zitapasuliwa."

"Na saa?"

"Papa Amuri anatoka hoteli mapema. Tutaanza saa nane. Tutasimama kwa alasiri, kisha tutaendelea."

"Basi tangaza kwa redio," Mama Anastasie alisema. "Hayo maneno yasibakie hapa kwa mulango wa duka."

Magloire aliguna, lakini akatangaza.

Mchana ule wanamuziki walianza kwa kuchelewa kidogo tu. Mtu alieleza watu kwamba waya wa kipaza sauti umekatika, na unatengenezwa. Hakuna aliyekasirika. Lakini Papa Amuri hakutokea kwanza. Vijana wake walipiga, walicheza, wakamaliza. Wakasema mzee ataimba baada ya alasiri. Mama Hidaya alishika kichwa. Akatoka kuswali. Safari hii alitawadha bila woga, maana nusu ya tikiti ilikuwa imefungwa kwenye ncha ya kitenge chake.

Aliporudi na Hawa, alifungua fundo, akatoa kile kipande. Fabrice alikitazama, akainama kidogo.

"Karibu, Mama. Ingia mbio, Papa Amuri anapanda."

Mama Hidaya akaweka mguu ndani. Nyuma yake akasikia Fabrice akisema, "Hapana. Hii si tiketi, hii ni uji."

Akageuka. Mama mmoja kijana, Sarah-Grâce, kutoka vijiji vya pembeni, alisimama na mtoto mgongoni. Alitoka kumbadilisha mtoto nguo. Mtoto naye alichukua nusu ya tikiti, akaitafuna. Kilichobaki kilikuwa kimelowa na hakisomeki.

"Nalipa tena?" Sarah-Grâce aliuliza kwa sauti ndogo. "Franga sina. Basi, nitafanya namna gani? Nitarudi nyumbani."

"Usiende," Mama Hidaya alisema. Akarudisha mguu wake nje.

Gitaa lilianza kulia. Umati ulipiga kelele za furaha.

"Mama, ingia!" Hawa alisema. "Mama, ameanza! Jana ulilia, leo unasimama kwa mulango?"

"Fabrice," Mama Hidaya alisema, "nusu yake iko kwa sanduku yako. Ulipasua na mukono. Kitafute kile kinapatana na hiki."

"Mama, iko mamia ndani ya sanduku!"

"Basi leta kiti. Tutafute."

Hakungoja kiti. Aliketi chini, katikati ya mlango, akavuta sanduku. Sasa hakuna aliyeweza kuingia wala kutoka. Papa Amuri aliimba ubeti wa kwanza. Hawa alitaka kulia kwa hasira. Magloire akaja mbio kuona kwa nini mlango umezibika.

"Ni nini tena? Huyu mama mwenye mutoto? Bwana, mumuachie aingie, tuishe!"

"Hapana," Mama Hidaya alisema, bila kuinuka. "Hapana kumuachia. Alilipa. Sema ni haki yake."

Magloire alimtazama Mama Hidaya, akamtazama Sarah-Grâce na mtoto wake, ambaye bado alikuwa akitafuna.

"Ni haki yake," alisema.

"Muambie yeye."

Magloire akamgeukia Sarah-Grâce. "Mama, ni haki yako. Ingia."

Ndipo Mama Hidaya akainuka, akakung'uta kitenge, akamshika Sarah-Grâce mkono. Waliingia pamoja mpaka mbele kabisa, Hawa akiwafuata. Papa Amuri alikuwa ameketi kwenye kiti, fimbo kando yake, akiimba ubeti wa pili.

Mama Hidaya alimtazama toka kichwani mpaka miguuni.

"Mama, umemuona?" Hawa aliuliza.

"Nimemuona," Mama Hidaya alijibu, na machozi yalikuwa yakimtoka. "Kumbe iko mufupi."